Sehemu ya 4: Nani ana ruhusa ya kumvalisha mwanao kifaa cha kusikia?



Kuna mama aliniletea mtoto wa miaka 4 kavaa kifaa cha kusikia kilichonunuliwa mtaani. Muuzaji hata kuchungulia sikio hakuchungulia. Nilipomulika ndani, usaha! Mtoto alihitaji daktari, sio kifaa. Tukampeleka.

Sasa turudi nyuma kidogo tuone sheria zilivyokuja.

Zilianza na daktari. Hilo jina la Baraza la Madaktari Tanganyika tu linakuonyesha ni la zamani. Macho yakapata Sheria ya Optometria mwaka 2007, na baraza lake: anayekupima na kukupa miwani lazima awe amesajiliwa. Sisi wauguzi na wakunga tukapata sheria yetu mpya mwaka 2010. Masikio je? Hayakupewa baraza lao peke yao. Mwaka 2017 ikaja Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi, ikawaweka wote hao chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwaka huohuo Muhimbili ikaanza kuwapandikizia watoto vifaa vya usikivu.

Kifaa chenyewe, kama vifaa tiba vingine, kiko chini ya TMDA, ile tuliyoiita TFDA mpaka 2019.

Kwa hiyo mtaalamu ana msimamizi wake, na kifaa kina wa kwake. Kule mtaani kinakouzwa, mara nyingi hayupo hata mmoja.

Hata Marekani, walipolegeza mwaka 2022 watu wakaruhusiwa kujinunulia bila cheti cha daktari, waliweka sharti: miaka 18 kwenda juu. Mtoto sikio lake linakua, kile kipande cha ndani kinabadilishwa mara kwa mara, na sauti ikizidi inaharibu hata usikivu uliobaki.

Mimi muuguzi nachunguza na kukuelekeza. Kupanga sauti ya kifaa sio kazi yangu, na nakwambia hivyo bila aibu. Na muuzaji muulize: umesajiliwa wapi? Nani kampima mwanangu? Akikasirika, jibu umelipata.

Anzia kituo cha afya cha karibu. Ikibidi watakupa rufaa kwenda Bombo.

Mtumie na shoga yako mwenye mtoto. Baba naye asome.