Kitanda cha Peni Sita

Mkulima afikapo mjini na mazao yake, au kijana wake aendapo kutafuta kazi, jambo la kwanza alitakalo ni mahali pa kulaza ubavu kwa fedha kidogo. Haja hiyo ni ya zamani, na historia yake ina mafundisho kwa kila mwenye kutunga kanuni.

Mjini London, katika karne ya 19, vibarua wengi walilala katika nyumba za kukodi kitanda kwa usiku. Walirundikana humo, wagonjwa pamoja na wazima, na homa zikaenea. Mwaka 1851 Bunge la Uingereza, kwa juhudi za Lord Shaftesbury, lilipitisha sheria kwamba kila nyumba ya namna hiyo iandikishwe na kukaguliwa, na mwenye nyumba atoe habari aonapo homa. Sheria ya mwaka 1875 iliagiza kuta na dari zipakwe chokaa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba.

Kanuni hizo hazikumfungia maskini mlango. Mwaka 1892 Lord Rowton alifungua nyumba mtaani Vauxhall; kwa peni 6 mtu alipata kitanda katika kijichumba chake mwenyewe. Kufikia mwaka 1905 nyumba za Rowton zilikuwa 6.

Jiji la New York lilishika njia nyingine. Mwaka 1955 lilikataza kujengwa nyumba mpya za kupangisha chumba kimoja kimoja. Baadaye, katika miaka ya 1970, lilipunguza kodi kwa wenye majengo waliozigeuza nyumba za zamani kuwa makao ya wenye uwezo. Maelfu ya vyumba vya bei nafuu yakatoweka, na wapangaji wengi wakaishia barabarani. Jiji lilipokataza ugeuzaji huo mwaka 1985, wenye mali walishitaki. Mwaka 1989 mahakama kuu ya rufani ya jimbo iliitangua amri hiyo.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Yatupasa viongozi na wanachama, tunapoombwa rai juu ya nyumba za kulala wageni katika miji yetu midogo, kudai choo safi, hewa na chokaa. Lakini kabla ya kuifunga nyumba yo yote, na tuulize kwanza: mpangaji wake atalala wapi usiku wa leo?