Hongo, Ushuru na Tozo: Malipo ya Njia na ya Motokaa katika Karagwe

Nchi ya kale ya Karagwe, ambayo tangu mwaka wa 2012 imegawanyika katika wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, ni nchi ya njia. Misafara ya watu wa pwani iliyotoka Unyanyembe kwenda Buganda ilipita humo, na leo barabara itokayo Omurushaka hupita Kaisho kwenda Murongo, penye mpaka wa Uganda juu ya mto Kagera. Nayo yafahamika kwamba penye njia hapakosi mtoza. Makala haya yachunguza malipo ya njia na ya chombo cha njia kwa kuyafuata majina yake, yaani hongo, kodi, ushuru, ada na tozo. Kila zama imeleta jina jipya au imeligeuza la zamani. Na mwenye kuyafuata majina hayo kwa utaratibu huona jambo ambalo hesabu peke yake hazilionyeshi upesi. Jambo lenyewe ni hili: malipo ya msafiri yalikuwa yakitolewa mbele ya macho ya watu, kisha yakaingia ndani ya bei za vitu, hata mwisho yakamfikia mtu asiyesafiri.

Tuanze na hongo. Katika karne ya 19 neno hili lilikuwa na maana moja iliyo wazi: mali aliyotoa mkuu wa msafara kwa mtawala wa nchi ili apewe ruhusa ya kupita. Mali hiyo ilikuwa shuka, shanga na masango ya shaba. Kiasi chake kilijadiliwa kwa siku nyingi, na mara nyingi msafara ulizuiwa mpaka watu wapatane. Ilikuwa mzigo mzito, walakini haikuwa siri. Mlipaji alimjua aliyempokea, na ngoma ilipigwa mapatano yalipokwisha, ili kila mtu ajue kwamba njia imefunguliwa.

Waingereza wawili, Speke na Grant, waliopita huko mwaka wa 1861, waliteseka sana kwa hongo katika Ugogo, katika Uzinza na kwa Suwarora wa Usui. Walipoingia Karagwe mambo yalibadilika. Mukama Rumanyika aliamuru watu wake wawape wageni chakula njiani, na Speke akaandika katika kitabu chake cha 1863 kwamba wageni hawakutozwa kodi ya njia katika nchi hiyo, ila zawadi zilipeanwa. Si kwamba Mukama hakupata kitu. Zawadi alizipokea, tena nzuri, na wafanya biashara wa pwani waliokaa Kafuro, ambao Stanley aliwakuta mwaka wa 1876, walijua vema kwamba hawangeweza kukaa bila ya kumridhisha mwenye nchi. Lakini jina la hongo halikutumika. Kwa hiyo Karagwe yatupa mfano wa zamani wa kanuni ambayo itaonekana tena baadaye: kitu chaweza kuwapo na jina lake likakosekana.

Historia ya neno lenyewe baada ya hapo ni ya ajabu kidogo. Serikali za kikoloni zilipowaondolea watawala wa kienyeji haki ya kutoza njiani, hongo haikupata tena mahali pa halali pa kukaa. Neno halikufa, bali lilihamia upande wa haramu, na leo kwa kila msemaji wa Kiswahili hongo ni rushwa. Lile lililokuwa haki ya mtawala likawa jina la kosa la mtumishi. Hata hivyo sura ya jambo haikupotea: bado kuna njia, kuna kizuizi, na kuna mtu asimamaye kizuizini. Tofauti ni kwamba hongo ya kale ilitolewa kwa ngoma, na hongo ya sasa hutolewa kwa kificho, nayo haina stakabadhi.

Mahali pa hongo palichukuliwa na kodi na ushuru. Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, waliweka kituo chao Bukoba mwaka wa 1890, na mwaka wa 1897 wakatangaza kodi ya nyumba katika nchi yao yote ya Afrika ya Mashariki. Hapa pana badiliko kubwa la fikira. Hongo ilimtafuta apitaye. Kodi ya nyumba ilimtafuta akaaye. Waingereza walifuata njia hiyo hiyo kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka wa 1922, na mkulima wa Karagwe akajifunza kuuza kahawa yake ili apate fedha ya kulipia kichwa chake mwenyewe.

Ama ushuru, hilo ni neno la pwani. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni sehemu ya kumi. Lakini neno halikujifunga katika hesabu yake. Mkataba wa mwaka wa 1833 baina ya Sultani Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa bidhaa ziingiazo kuwa asilimia 5, yaani nusu ya ile sehemu ya kumi. Na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya leo, ambayo umoja wake wa forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, motokaa iingiayo kutoka nchi za nje iliwekewa asilimia 25. Jina limebaki la kumi, hali tarakimu imekwisha kwenda mbali.

Msamiati wa motokaa waonyesha wazi jinsi chombo hiki kilivyokusanya watozaji wa kila upande. Gari ni neno la Kihindi, na bima vile vile. Forodha ni la Kiarabu. Leseni na stika ni za Kiingereza. Ada ni ya Kiarabu, na kwanza ilikuwa malipo ya desturi, kama yale ya mwalimu au ya fundi. Tozo peke yake ni la Kibantu, nalo limetoka katika kitenzi kutoza, yaani kumfanya mtu atoe, atake asitake. Mtu akinunua gari hukutana na maneno hayo yote kabla hajageuza ufunguo. Mdachi Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam kwa motokaa mwezi wa Agosti 1907 akafika Swakopmund mwezi wa Mei 1909, alilazimika kuweka akiba za mafuta katika vituo vya njiani kabla ya kuanza safari. Tangu mwanzo, basi, ilijulikana kwamba bei ya motokaa si ile ya dukani tu.

Na tuchukue mfano wa mtu wa Kaisho, mwenye shamba la kahawa na migomba, atakaye kununua gari dogo lililokwisha tumika Japani. Tuseme thamani ya gari, pamoja na nauli ya meli na bima mpaka bandari ya Dar es Salaam, ni shilingi 10,000,000. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000. Hapo gari limekuwa la 12,500,000, na juu ya jumla hiyo, wala si juu ya bei ya kwanza, huwekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini iliyo kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000. Nao ni shilingi 625,000. Jumla mpya ni 13,125,000. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ilianza mwaka wa 1998 kwa asilimia 20 na kupunguzwa kuwa 18 mwaka wa 2009. Nayo ni shilingi 2,362,500. Kama kodi hii ingalihesabiwa juu ya thamani ya gari peke yake, ingalikuwa 1,800,000. Zile 562,500 zilizozidi ni kodi iliyotozwa juu ya kodi, wala hazina jina lao katika karatasi yo yote.

Hesabu hii ni ya gari ambalo bado si zee. Likiwa limepita miaka kumi, huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya ile 12,500,000, yaani 3,750,000, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake ni 675,000 tena. Mwenye fedha chache ndiye anunuaye gari zee, kwa hiyo ndiye akutaye ushuru huu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa methali imekuwa sheria. Tena thamani itumiwayo katika hesabu si lazima iwe ile aliyolipa mnunuzi. Mtoza kodi anayo makadirio yake mwenyewe. Kuna pia tozo ya kuendeleza reli, iliyoanza mwaka wa 2015 kwa asilimia 1.5, na mtu wa Kaisho huilipa ingawa Mkoa wa Kagera hauna reli. Kisha gari husajiliwa, hukatiwa bima, na husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, likinywa mafuta njia nzima.

Mafuta hayo ndiyo kiini cha jambo. Kwa miaka mingi mwenye gari alilipa ada ya leseni kila mwaka, na alama yake ilibandikwa katika kioo cha mbele. Ada hiyo haikupendwa. Gari bovu lililolala chini ya mti lilidaiwa sawasawa na gari lililofanya kazi, madeni yakalundikana, na askari wa barabarani wakawa na sababu moja zaidi ya kusimamisha watu. Katika bajeti ya mwaka wa 2017 ada hiyo ilifutwa. Ada ya usajili wa mara ya kwanza iliongezwa, kama ile ya gari la sentimita za ujazo 1,501 mpaka 2,500 iliyopanda kutoka shilingi 200,000 hadi 250,000; na ushuru wa bidhaa juu ya mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Watu wengi walifurahi, na hoja ya serikali ilikuwa na nguvu: atembeaye sana alipe sana, na gari lililolala lisilipe kitu.

Lakini zile shilingi 40 hazikuwekwa juu ya petroli na dizeli tu. Mafuta ya taa nayo yalipanda, kutoka shilingi 425 za ushuru kwa lita hadi 465. Sababu yake yarudi nyuma mpaka mwaka wa 2011. Zamani mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo wa shilingi 52 kwa lita, kwa kuwa ndiyo taa ya maskini. Wafanya biashara wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli ili wapate faida katika tofauti ya ushuru, magari yakaharibika, na neno uchakachuaji likaenea nchi nzima. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuupandisha ushuru wa mafuta ya taa mpaka shilingi 400.30 kwa lita, na kuupunguza ule wa dizeli kutoka 314 hadi 215. Tangu hapo taa ilitozwa zaidi kuliko lori.

Matokeo yake katika nyumba ya Kaisho iliyokuwa ikiwasha koroboi yaweza kukadiriwa. Nyumba iliyotumia lita moja kwa mwezi ililipa mwaka ule shilingi 5,580 za ushuru, na katika hizo shilingi 480 zilitoka katika nyongeza iliyokuja pamoja na kufutwa kwa leseni ya magari. Si fedha nyingi. Lakini ni fedha ya gari iliyolipwa na mtu asiye na gari, tena bila kuambiwa. Siku hizi umeme na taa za jua zimepunguza koroboi vijijini. Njia nyingine, hata hivyo, zimebaki. Mwaka wa 2021 tozo ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini, na kila ongezeko la namna hiyo huingia katika nauli ya bodaboda, katika gharama ya kupeleka kahawa sokoni, na katika bei ya sukari na chumvi dukani.

Haisemwi hapa kwamba malipo hayo ni dhuluma. Barabara haijengwi kwa maneno, na mkulima wa Kaisho ana haja ya barabara kuliko mtu ye yote. Lisemwalo ni kwamba mlipaji ana haki ya kujua jina la kitu anacholipa. Mkuu wa msafara wa 1861 aliijua hongo yake mpaka shuka ya mwisho, na kwa kuwa aliijua aliweza kuikataa, kuijadili au kuilalamikia. Mwenye gari wa 2016 aliijua ada yake, maana aliibandika kiooni. Mwenye koroboi hakupewa neno. Jambo lisilo na jina haliwezi kulalamikiwa, wala kutetewa vema hata na yule mwenye hoja njema ya kulitetea.

Kwa wachunguzi wa lugha funzo lake si dogo. Desturi ni kukusanya maneno yaliyopo na kuyafasiri. Lakini historia ya Karagwe yaonyesha kwamba imepasa pia kuuliza ni kitu gani kipo bila ya neno. Rumanyika alipokea zawadi, na jina la kodi halikutajwa. Leo majina ya kodi yamejaa karatasi tele, na sehemu iliyomlemea mwenye koroboi ndiyo ambayo mpaka sasa haijapewa jina.