Malipo ya Pili

Mwaka 2021 niliuza lenzi ya kamera kwenye mnada wa mtandaoni. Nilikuwa nimeacha kupiga picha za habari, lenzi inakaa tu kabatini, na rafiki yangu anayeishi Ujerumani alikuwa likizo nyumbani. Yeye ana akaunti kwenye mtandao mmoja wa minada. Akaondoka na lenzi, akaipandisha mnadani, na ndani ya siku tano mnunuzi akapatikana. Mnunuzi alilipa kwa kadi, mzigo ukatumwa, hela ikanifikia, nikaitumia.

Wiki ya saba rafiki yangu akapiga simu, sauti chini. Mnunuzi alikuwa ameiambia benki yake kwamba malipo yale hakuyaidhinisha yeye. Benki ikayarudisha. Lenzi imekwenda, hela imekwenda, na juu yake rafiki yangu akatozwa ada ya usumbufu. Ilibidi nimlipe, maana kosa halikuwa lake.

Krismasi ya mwaka huo nilikuwa Mkumbi, Mbinga, kwa baba mdogo. Nikamsimulia nikitegemea anihurumie. Akacheka.

"Kwa hiyo ulipata malipo ya kwanza, ya pili ukakosa."

"Hapana, Baba. Nililipwa yote, halafu ikachukuliwa."

"Ni yale yale, mwanangu. Mzigo umetoka mkononi na hela bado haijawa yako. Hapo umekopesha. Wewe ulidhani umeuza."

Akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi za kahawa za miaka ya mwanzo ya 1990, zimekunjwa mara nne, wino umepauka. Kila moja ina kilo zake. Chama alichokiuzia hakipo tena, na malipo ya pili ya msimu ule hajayaona mpaka leo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma historia ya kahawa ya kwetu kwa jicho jingine: nani anaubeba ule muda kati ya mali kuondoka na hela kuwa yako kweli?

Ushirika katika eneo letu ni wa zamani. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, na mwaka 1936 ukaundwa Ngoni-Matengo Cooperative Marketing Union, ambao watu wamezoea kuuita NGOMAT. Wangoni walikuwa na tumbaku. Wamatengo, waliokuwa wakilima miteremko yao kwa mashimo ya ngoro, walikuwa na kahawa. Ushirika uliwapa wote kitu ambacho mkulima mmoja mmoja hawezi kuwa nacho: mkono mrefu wa kufika sokoni.

Na soko lilikuwa mbali kwelikweli. Kwa miaka mingi mnada wa kahawa ya Tanzania ulifanyika Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mbinga. Mkulima alipeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, ikapimwa, akapewa stakabadhi na malipo ya awali. Kahawa ikasafirishwa, ikakobolewa, ikapangwa madaraja, ikanadiwa. Kisha gharama zikakatwa: usafiri, ukoboaji, ushuru, mkopo wa mbolea na dawa. Kilichobaki ndicho kilirudi kuwa malipo ya pili, na mwaka mzuri hata ya tatu. Safari hiyo ilichukua miezi, na mara nyingine msimu mpya ulianza wa zamani haujafungwa.

Ukitafuta mwizi kwenye chumba cha mnada, utachoka bure. Pale utaratibu ni mkali: mnunuzi akishinda, hapewi ruhusa ya kutoa mzigo ghalani mpaka alipe. Mahali penye kelele nyingi kuliko pote ndipo palipokuwa na usalama. Pesa ilivuja ikiwa njiani kurudi nyumbani, kwenye madaftari ambayo mkulima hakuwahi kuyaona.

Ushirika wenyewe haukuachwa utulie. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu, na vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, vingi vikianza upya. Kisha Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Chama kilichokwisha kulipa malipo ya awali kwa kutegemea bei ya jana, kikauza kwa bei ya leo, kilibaki na deni benki. Wengine waliiba, hilo silifichi. Lakini hata penye mikono safi, pengo lilikuwepo, na aliyekuwa mwisho wa mstari ndiye aliyetumbukia.

Ndiyo maana msimu wa 1994/95, biashara ya kahawa ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuja vijijini, watu wengi walifurahi. Hawa walikuja na noti. Pima, lipa, pakia.

Kumbe muda ule haukufa, uligeuzwa tu. Mbinga tuna neno magoma, kama Kagera walivyo na butura: unauza kahawa ikiwa bado iko mtini. Ada ya shule inadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, na mwenye hela anakuja kukupa leo kwa kahawa utakayovuna miezi mingi baadaye. Safari hii anayesubiri ni mnunuzi, na anajilipa kwa kusubiri kwake. Bei anayokupa haifanani hata kidogo na utakayoiona kwenye mizani wakati wa mavuno. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walishasema.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilijaribu njia nyingine: mzigo unalala ghalani, mkulima anashika karatasi, na mnunuzi halipakii gari mpaka fedha zionekane. Utaratibu huu ulipata mtihani mgumu kwenye korosho, zao la jirani zetu wa Tunduru, Mtwara na Lindi. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za minadani, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasimamia ubebaji. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions: tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Hela haikuja. Miezi michache baadaye serikali ikauvunja mkataba.

Tuliicheka sana hadithi ile mitandaoni. Lakini itazame kwa jicho la muuzaji: mnunuzi hakuondoka na korosho zile, kwa sababu hakuna aliyefungua ghala kwa kuamini saini. Hasara ilikuwepo, maana korosho inayolala inashuka thamani na baadhi ya wakulima walisubiri malipo kwa muda mrefu. Hata hivyo, ni heri mzigo uliochelewa kuuzwa kuliko mzigo uliokwenda bure. Mimi na lenzi yangu tulifanya kinyume.

Sasa tunauza kwa simu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilionekana kama dawa: hela inafika kabla mteja hajageuza mgongo. Matapeli wakajifunza haraka kuliko sisi. Kuna meseji ya kughushi inayoonekana kama muamala, ukiangalia salio hakuna kitu. Kuna ile ya "hela tuma kwenye namba hii," inayomvizia mtu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela mahali. Na kuna mnunuzi anayelipa hela halali, anachukua simu au gunia, halafu anapiga kwa mtandao wake: nimekosea namba, naomba muamala urudishwe. Hela ikiwa bado imo, inaweza kuzuiwa, na muuzaji ndiye anaanza kujieleza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na utapeli upo.

Huyo wa "nimekosea namba" ni ndugu wa yule aliyechukua lenzi yangu. Nguvu ya mwenye kadi ina mizizi kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1974, iliyompa mtu siku 60 baada ya taarifa ya akaunti kupinga malipo yenye kasoro. Kanuni za kampuni za kadi zikaongeza muda, mara nyingi hadi siku 120. eBay ilipoanza mwaka 1995, wanunuzi wengi walituma hundi kwa posta, na muuzaji aliweza kusubiri hundi ipite. Baadaye PayPal, ambayo eBay iliinunua mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, ikarahisisha kulipa kwa kadi, na muda wa kusubiri ukahamia upande wa muuzaji bila yeye kujua.

Sheria ile siilaumu. Inamlinda mtu aliyeibiwa kadi, na siku moja mtu huyo anaweza kuwa mimi. Lakini muuzaji asiye na ushahidi anashindwa. Sisi tulituma lenzi kwa posta ya bei nafuu, isiyo na saini ya mpokeaji, wala hatukuandika namba ya lenzi popote. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami daftari sikuwa nalo.

Baba mdogo analo, limejaa kopo zima. Alichokosa yeye ni dirisha la kulipeleka.

Siku hizi kahawa anaipeleka mwanawe, kupitia AMCOS, na malipo yanaingia kwenye simu. Meseji ikilia, baba mdogo hamruhusu kushangilia. "Angalia salio kwanza," anamwambia. Kijana akishamsomea, ndipo mzee anafunika kopo lake na kulirudisha ndani.