Oradour: Msamaha na Kumbukumbu ya Walionusurika

Tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS wa Ujerumani waliingia katika kijiji cha Oradour-sur-Glane, Ufaransa. Wanaume walipigwa risasi ghalani. Wanawake na watoto walifungiwa kanisani, nalo likachomwa moto. Waliuawa watu 643. Kati ya waliofungiwa kanisani aliokoka mmoja tu, Marguerite Rouffanche, aliyeruka dirishani nyuma ya altare.

Mwaka 1953 mama huyo alitoa ushahidi mahakamani huko Bordeaux. Hukumu ilipokwisha kutolewa, Bunge la Ufaransa liliwasamehe kwa sheria washtakiwa wa Alsace waliodaiwa kuingizwa jeshini kwa nguvu, ili kulinda umoja wa taifa. Wafiwa walipinga, na kwa miaka mingi wakawakataa wajumbe wa serikali katika maadhimisho yao.

Lakini mwaka 2013 Robert Hébras, aliyenusurika chini ya maiti za wenzake na kuisimulia habari hiyo kwa miaka mingi, alitembea katika magofu yale pamoja na Rais wa Ujerumani, Joachim Gauck, aliyepata kuwa mchungaji wa Kilutheri.

Basi sisi tuhubirio upatanisho tusimsamehe mkosaji kwa niaba ya aliyeumizwa. Tumsikilize kwanza huyo aliyeumizwa, hata ushahidi wake ukituchelewesha.