Umeme wa akiba wa minara ya simu (Kitui na Makueni)

Umeme wa akiba wa minara ya simu ni nishati inayoendesha mitambo ya mawasiliano yasiyotumia waya pale umeme wa gridi unapokatika au usipofika. Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani nchini Kenya, ni kame kwa sehemu kubwa. Kitui pekee ina takriban kilomita za mraba 30,000.

Mitambo ya mnara kwa kawaida hutumia mkondo mnyoofu wa volti 48, hivyo betri huunganishwa nayo moja kwa moja na kushika kazi papo hapo. Chaji ya betri ikipungua, jenereta ya dizeli hujiwasha. Adui mkubwa wa betri ni joto la nyanda za chini, kama Kibwezi na Mutomo: betri ya risasi na asidi hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25 za Selsiasi. Betri ya lithiamu huvumilia zaidi, ila ni ghali. Sola hupunguza matumizi ya dizeli, japo mawingu ya Julai huidhoofisha.

Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ianze mwaka 2007, mnara ukizimika malipo pia hukwama. Akiba ya saa chache haitoshi kwa hitilafu ndefu ya umeme, kama ile iliyoiacha sehemu kubwa ya Kenya gizani kuanzia usiku wa 25 Agosti 2023.