Tumalini ya Waridi na Mafundi wa Ukambani

Kabla reli haijafika Nairobi, Machakos ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa Waingereza barani. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilijenga kituo huko mwaka 1889. Reli ilipopita mbali, utawala nao ukahamia Nairobi mwaka 1899.

Wakamba wa eneo hilo, hata hivyo, walikuwa wamejulikana kwa biashara na ufundi zamani kabla ya hapo. Misafara ya watu kama Kivoi, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, ilishusha pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mafundi waliuvuta waya huo katika matundu ya bamba la chuma, kuanzia tundu kubwa hadi dogo, mpaka ukawa mwembamba, ndipo wakaufuma kuwa mikufu laini. Msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliuandika ufundi wa watu hawa.

Mikono iliyoweza hayo ina kazi nyingine inayoingoja: kukata vito. Na katika vito vyote vya ukanda wetu, kimoja kinachofaa kuanzia ni tumalini ya waridi.

Tumalini ni madini yenye boroni, na rangi ya waridi huipata kutokana na manganizi. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 7 hadi 7.5, yaani haupungui ule wa kwatzi iliyomo katika vumbi na mchanga wa kawaida. Ndiyo maana haichakai upesi. Ina tabia nyingine ya ajabu: ikipashwa moto hupata chaji ya umeme na kuvuta vitu vyepesi. Wafanyabiashara wa Kiholanzi walioileta Ulaya kutoka Sri Lanka katika karne ya 18 waliitumia kuvutia majivu ya viko vyao.

Wekundu wake umewapotosha hata wafalme. Mwaka 1777 Gustav III wa Uswidi alimzawadia Malkia Catherine II wa Urusi kito kikubwa chekundu kilichoaminiwa kuwa rubi. Baadaye kilibainika kuwa tumalini. Huko China, Malkia Cixi aliipenda tumalini ya waridi hivi kwamba migodi ya San Diego, California, iliishi kwa kuiuzia nchi yake. Cixi alifariki mwaka 1908, utawala wa kifalme ukaanguka baada ya miaka michache, na soko hilo likafa pamoja nao.

Mtindo unaoifaa tumalini hii ni kaboshoni, yaani kito kilichosuguliwa kikawa na mgongo wa mviringo na tumbo bapa, bila pembe. Ni mtindo wa kale kuliko ule wa kukata nyuso nyingi zinazometa, ulioenea Ulaya mwishoni mwa Enzi za Kati. Tumalini ya waridi kwa kawaida huwa na nyufa na kasoro nyingine za ndani, na kaboshoni huitumia hali hiyo badala ya kuificha: mwanga hutulia ndani, rangi ikakolea. Jiwe lenye mirija myembamba iliyolala sambamba huonyesha mstari wa mwanga kama jicho la paka.

Fundi hukata kipande kwa msumeno wa almasi, akakibandika kwenye kijiti kwa nta. Hukisugua kwenye gurudumu la kunolea huku maji yakidondoka, akikizungusha kijiti mkononi ili mgongo usibaki na bapa. Hufuata misasa inayozidi kuwa laini, kisha unga wa kung'arishia. Joto la ghafla ni adui, kwani jiwe huweza kupasuka.

Kaboshoni iliyokamilika hutiwa katika ukingo wa fedha au dhahabu unaoikumbatia pande zote. Hereni na vidani huifaa zaidi. Pete nayo yafaa, ila ivuliwe wakati wa kazi nzito. Isafishwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni tu.

Tumalini ya waridi huchimbwa Msumbiji, Madagaska na Nijeria. Kenya nayo ina utajiri wake, kwani Ukanda wa Msumbiji, miamba ya kale inayopita Machakos, ndio uliotupa vito vya savoraiti na rubi za Taita Taveta. Sehemu kubwa ya rubi za mgodi wa John Saul wa huko, uliogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hukatwa kuwa kaboshoni. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na kugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Hata hivyo, jiwe likiuzwa ghafi, faida kubwa humfuata anayelikata.

Machakos ina mfano wake wa kuigwa. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani, na vinyago vya Wamunyu vikafika kote duniani. Ujuzi wa mtu mmoja ulilisha vizazi.

Basi vyuo vya ufundi vya kaunti hii viweke magurudumu ya kusugulia vito kama vilivyoweka cherehani na mashine za kuchomelea vyuma. Kijana atakayejifunza kaboshoni leo atakuwa mwalimu wa wengine kesho.