Viza ya Mwanafunzi Marekani: Utaratibu Mpango wa Masomo Unapobadilika

Familia za Chanika na maeneo mengine ya Dar es Salaam zenye vijana wanaosoma Marekani kwa viza ya F-1 zinapaswa kufahamu kuwa viza ni ya kuombea kuingia nchini humo. Uhalali wa kuendelea kukaa hutegemea fomu ya I-20 inayotolewa na chuo.

Mwanafunzi anayebadili kozi au ngazi ya masomo humjulisha afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni ili fomu irekebishwe. Anayehama huomba chuo cha awali kihamishie kumbukumbu zake chuo kipya. Masomo yakirefuka, nyongeza ya muda huombwa kabla ya tarehe ya ukomo iliyomo kwenye I-20. Mabadiliko ya anuani hutolewa taarifa ndani ya siku 10.

Anayepuuza anaweza kupoteza hadhi ya uanafunzi, hata kama viza iliyomo kwenye pasipoti haijaisha muda.